Je, Imani ni Bima ya Kuukwepa Moto?

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Ayubu 1:6–12, 1 Wakorintho 15:12–19, Mathayo 25:14–30, Malaki 4:1–3, Mhubiri 9:5, 6, Danieli 3:16–18, 1 Yohana 4:16–19.

Fungu la Kukariri: 1 Yohana 4:18. Lisome mara tatu katika Biblia yako kabla ya kuanza somo, kisha ulikariri pamoja na watu wa nyumbani.

Fikiria jioni moja mjini Ifakara. Vijana wawili wamesimama nje ya kibanda cha kubeti, kila mmoja ameshika mkeka wake. Mzee wa kanisa anapita na baiskeli, nao wanamwamkia, “Shikamoo mzee.” Anaitikia, kisha anawauliza kwa upole kama Sabato iliyopita walikuwepo kanisani. Mmoja wao anacheka. “Mzee, mimi Mungu namwamini. Akiwepo, nimepona moto. Asipokuwepo, nimepoteza nini? Huu ndio mkeka pekee usiochanika.”

Sasa fikiria kijiji kimoja ng’ambo ya mto Kilombero, njia ya kwenda Lupiro. Mama mmoja ameketi mbele ya nyumba yake, na mpunga umeanikwa kwenye turubai. Mwaka uliopita mwanawe alikufa maji akienda kuvua. Kijana huyo hakuwa amebatizwa. Siku ya msiba mtu mmoja alimwambia mama huyo kwamba mwanawe yuko motoni, na kwamba asali sana asije naye akamfuata. Tangu siku ile hajakosa ibada hata moja, wala hajalala usingizi wa kutosha.

Kijana anacheka na mama analia, lakini wote wawili wamejengwa juu ya msingi mmoja: Mungu ni wa kuaminiwa kwa sababu moto upo. Somo la juma hili linauchunguza msingi huo kwa mwanga wa Maandiko.

JUMAPILI

Hesabu ya Mfaransa

Maneno ya kijana yule si mapya. Blaise Pascal, mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1623, aliyaandika kwa kina zaidi. Mwaka 1654 yeye na Pierre de Fermat walikuwa wakiandikiana barua juu ya michezo ya kubahatisha, na barua hizo zikawa mwanzo wa elimu ya kukadiria uwezekano wa mambo. Baadaye Pascal alitumia hesabu hiyo katika jambo la imani. Maandiko yake yalichapishwa mwaka 1670, miaka minane baada ya kifo chake.

Hoja yake kwa ufupi ni hii. Mwanadamu hawezi kukwepa kuchagua. Akimchagua Mungu, na Mungu akawepo, anapata uzima usio na mwisho. Mungu asipokuwepo, alichopoteza ni kidogo. Akimkataa Mungu, na Mungu akawepo, amepoteza kila kitu. Basi mwenye akili amchague Mungu. Pascal mwenyewe alikaza zaidi faida ya uzima kuliko hofu ya moto. Watu waliomfuata ndio walioigeuza hoja hiyo kuwa kitisho.

Kuna jambo jema katika hoja hii. Inamwamsha mtu anayeishi kana kwamba hatakufa. Yesu naye alifundisha watu kukaa chini na kuhesabu gharama (Luka 14:28–33). Hata hivyo hesabu hii ina nyufa mbili.

Ufa wa kwanza: inamchukulia mtu kana kwamba ana milango miwili tu mbele yake. Katika bonde la Kilombero, kama mahali pengine, wapo wenye kadi ya ushirika kabatini na hirizi chini ya mto wa kulalia. Ukiwauliza, watajibu kwamba wanajikinga pande zote, kwa maana hakuna ajuaye ipi itafaa. Hao nao wanapiga hesabu ile ile. Soma 1 Wafalme 18:21. Eliya aliwakuta Israeli wakifanya hivyo kati ya Bwana na Baali, na hakuwasifu kwa tahadhari yao. Wahenga wamesema mshika mawili moja humponyoka.

Ufa wa pili: si kweli kwamba mwamini hapotezi kitu. Soma 1 Wakorintho 15:12–19. Paulo anasema waziwazi kwamba kama Kristo hakufufuka, waamini ni watu wa kuhurumiwa kuliko wote. Hakusema kwamba hawajapoteza kitu. Mkulima ambaye mnunuzi wake huja na lori siku ya Sabato tu, naye akamwacha aondoke, anajua kwamba imani ina bei. Mtu hawezi kulipa bei hiyo miaka thelathini kwa sababu ya “huenda.”

Je, ni jambo gani ambalo imani imekugharimu, na lingekuwa hasara tupu kama Kristo hakufufuka?

JUMATATU

Swali la Shetani

Soma Ayubu 1:6–12. Ni nani katika Biblia aliyekuwa wa kwanza kudai kwamba watu humcha Mungu kwa ajili ya faida?

Aliyeleta hoja hiyo mbele za Mungu ni Shetani. Alidai kwamba Ayubu hamchi Mungu bure: amezungushiwa ua, mifugo yake imeongezeka, kazi ya mikono yake imebarikiwa. Ondoa ua, alisema, nawe utaona. Kwa maneno mengine, alimshitaki Ayubu kuwa mtu wa bima, anayelipa ibada ili alindwe.

Kitabu kizima cha Ayubu ni jibu la shitaka hilo. Ayubu alipoteza mali, watoto na afya. Alilia, alilalamika, alimhoji Mungu kwa maneno makali. Lakini hakumwacha. Kama uhusiano wake na Mungu ungekuwa mkataba wa bima, angeuvunja siku ile ile, kwa maana bima haikulipa.

Watu wa Ifakara wanajua vizuri kinga ni nini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa mahali ambapo vyandarua vyenye dawa vilisambazwa na kuuzwa kwa mpango mkubwa, vikiitwa Zuia Mbu, na watafiti wa Ifakara walionyesha kwamba vilipunguza vifo vya watoto wadogo. Chandarua ni zawadi njema. Lakini hakuna mtu anayekipenda chandarua. Anakitumia. Mbu wakiisha, atakikunja akiweke, au akifanye wavu wa kuzungushia bustani.

Ndivyo inavyokuwa kwa Mungu aliyefanywa chandarua. Mtu humtundika juu ya kitanda usiku wa hatari na kumkunja asubuhi. Kijana aliyebatizwa kwa sababu ya mahubiri ya kutisha, mara nyingi hofu ikipoa naye hupoa. Kanisa hujiuliza ameenda wapi. Huenda swali lifaalo ni alikuja kwa nani.

Yakobo 2:19 inaongeza neno zito: mashetani nao wanaamini, tena wanatetemeka. Kama kuamini kwa hofu kungetosha, wao wangekuwa washiriki wa kwanza.

JUMANNE

Aliyeficha Talanta

Soma Mathayo 25:14–30. Ni mtumwa yupi kati ya wale watatu aliyechagua njia “salama”?

Watumwa wawili waliingia katika biashara, na biashara ina hatari zake. Wa tatu hakutaka hatari. Alichimba shimo, akaficha alichopewa, akangoja. Bwana wake aliporudi alirudishiwa kilicho chake kamili, bila senti kupungua. Kwa hesabu ya kubahatisha, huyu ndiye aliyecheza salama kuliko wote, lakini ndiye aliyepotea.

Sababu yake aliitaja mwenyewe katika fungu la 24 na la 25. Alimwona bwana wake kuwa mtu mgumu, naye akaogopa. Wale wawili walimtumikia bwana yule yule, kutoka nyumba ile ile. Tofauti ilikuwa katika picha ya bwana waliyoibeba moyoni. Anayemwona Mungu kuwa mkatili atampa kile tu kinachotosha kuepuka adhabu: zaka isipungue, Sabato isikosekane, na moyo ubaki umefukiwa shimoni.

Historia ya Waadventista inaonyesha jinsi picha hiyo inavyoumiza. Ellen White, aliyezaliwa mwaka 1827 katika jimbo la Maine, Marekani, alisumbuka sana alipokuwa msichana kwa sababu ya mahubiri juu ya mateso yasiyo na mwisho. Alimwona Mungu kama mtawala anayefurahia uchungu wa waliopotea, naye akakata tamaa. Katika miaka hiyo mhubiri George Storrs alichapisha mahubiri sita, mwaka 1842, akifundisha kwamba roho ya mwanadamu haina umilele wa asili, na kwamba waovu mwisho wao ni kuangamia. Mama yake Ellen alilielewa fundisho hilo. Binti alipolisikia mara ya kwanza alishtuka. Mama alimwonyesha Maandiko, na baada ya muda alilikubali kutoka katika Biblia yenyewe. Hofu iliyokuwa kati yake na Mungu ikapata jibu.

Je, ungejaza vipi sentensi hii kwa uaminifu: “Mimi namtumikia Mungu kwa sababu…”?

JUMATANO

Moto na Majivu

Soma Malaki 4:1–3, Warumi 6:23, Ufunuo 20:14, 15. Maandiko haya yanasema mwisho wa waovu ni nini?

Kila mkazi wa Ifakara ameona lundo la pumba nje ya mashine ya kukobolea mpunga. Likishika moto hutoa moshi siku kadhaa. Watoto hukatazwa kulisogelea, maana juu linaonekana jeusi na limepoa, kumbe ndani ni kaa. Lakini hakuna lundo la pumba linalowaka miaka na miaka. Moto hufanya kazi yake, na kinachobaki ni majivu. Malaki anatumia mfano wa namna hiyo: waovu ni kama makapi, siku ile inawateketeza, haibaki shina wala tawi, nao wanakuwa majivu.

Mshahara wa dhambi ni mauti. Paulo hakuandika kwamba ni uzima wa milele ndani ya mateso. Uzima wa milele ni karama, nayo hupewa waliokombolewa peke yao. Ziwa la moto linaitwa mauti ya pili, na neno hilo lina maana inayojulikana: aliyekufa hayuko hai.

Mwanafunzi atauliza, “Na yale mafungu yenye neno milele?” Ni swali la haki. Soma Yuda 7. Sodoma iliadhibiwa kwa moto wa milele, lakini hauwaki leo. Matokeo yake ndiyo ya milele: Sodoma haikurudi. Soma pia 1 Samweli 1:22, 28. Hana alimtoa Samweli akae hekaluni daima, maana yake siku zote za maisha yake. Vivyo hivyo Mathayo 25:46 inataja adhabu ya milele, yaani hukumu isiyotenguliwa kamwe.

Wengine huogopa kwamba fundisho hili litawafanya watu wazembee. Wanasema, “Ukiondoa jehanamu ya mateso, nani atakuja kanisani?” Lakini Biblia haijaondoa hukumu. Kila kazi italetwa hukumuni (Mhubiri 12:14). Kupotea ni hasara halisi: ni kuukosa uso wa Mungu, kukosa asubuhi ya ufufuo pamoja na wapendwa, kukosa kuwepo. Mungu mwenyewe anasema hafurahii kifo chake mtu mwovu (Ezekieli 33:11). Anayesema hivyo hawezi kuwa mtesaji asiyechoka.

Hofu ina nafasi yake. Mlinzi wa gereza la Filipi aliingia kwa Paulo na Sila akitetemeka, na usiku ule ule aliketi mezani na jamaa yake akishangilia (Matendo 16:27–34). Hofu yaweza kubisha hodi. Haiwezi kuwa mwenye nyumba.

ALHAMISI

Bali Kama Si Hivyo

Soma Danieli 3:16–18. Shadraka, Meshaki na Abednego walikuwa na uhakika gani, na hawakuwa na uhakika gani?

Vijana hawa walisimama mbele ya moto halisi. Kwa hesabu ya tahadhari, lililo salama lilikuwa kuinama kidogo, kisha kutubu jioni. Wao walijibu kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa hawataiabudu sanamu. Walimwamini Mungu wakati kumwamini kulikuwa ndiyo njia ya kuingia motoni. Imani yao haikuwa bima ya kuukwepa moto, na ndani ya moto hawakuwa peke yao.

Sasa rudi kwa yule mama wa ng’ambo ya mto. Fikiria mzee wa kanisa amemtembelea, ameketi kwenye kigoda, na baada ya maji ya kunywa na habari za shamba, mama anauliza lile lililomnyima usingizi.

“Mzee, niambie kweli. Mwanangu anaungua?”

“Hapana, mama. Haungui.”

“Umejuaje?”

Mzee anafungua Mhubiri 9:5, 6, kisha Yohana 11:11–14, mahali ambapo Yesu aliita kifo cha Lazaro usingizi. “Amelala,” anasema. “Hajui maumivu, hajui kiu, hajui siku ngapi zimepita.”

Mama ananyamaza kitambo. “Na siku ile ya kuamshwa?”

Hapa mzee angeweza kumpa ahadi ambayo si yake kuitoa. Hafanyi hivyo. “Siku ile hatahukumiwa na mimi, wala na yule aliyesema nawe msibani. Atahukumiwa na Yule aliyemfia. Huyo alimjua mwanao mpaka dakika ya mwisho ndani ya maji, sisi hatumjui hivyo. Je, Hakimu wa namna hiyo unaweza kumwachia?”

Mama analia, na machozi haya si yale ya mwanzo. Mwishowe anasema, “Mwaka mzima nimekuja kanisani kwa sababu ya kumwogopa. Sikujua kwamba moyoni nilikuwa namchukia.”

Ungamo hilo lina thamani kuliko ibada zote za mwaka ule. Mtu hawezi kumpenda anayeamini kwamba anamchoma mwanawe. Aweza kumtii, kumwimbia, kumtolea sadaka, lakini kumpenda hawezi. Hapo ndipo 1 Yohana 4:18 inapogusa: pendo likikamilika, hofu ya adhabu haina tena mahali pa kukaa.

Watu wa bonde hili wanakumbuka miaka ya kivuko. Kwenda Ulanga kutokea Ifakara kulimaanisha kuvuka mto Kilombero kwa kivuko, na mto ulipofura msafiri aliomba tu afike. Ajali za kivuko zilichukua maisha ya watu. Leo lipo Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018. Anayevuka daraja habahatishi. Hana haja ya kuukumbuka mto kwa hofu kila hatua. Anamfikiria ndugu anayemngoja ng’ambo. Kristo hakuja kuwapa wanadamu nafasi nzuri zaidi katika kubahatisha. Alikuja akawa njia yenyewe (Yohana 14:6), tena alitupenda tungali wenye dhambi, kabla mtu yeyote hajapiga hesabu (Warumi 5:8).

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Ayubu 42:1–6; Warumi 8:31–39; Ufunuo 21:1–5.

Pascal mwenyewe hakuishi kwa ile hesabu. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, kwa muda wa saa mbili hivi, alikutana na Mungu kwa namna iliyombadilisha. Aliandika habari za usiku ule na kuzishona ndani ya koti lake. Alipofariki mwaka 1662, mtumishi alizikuta humo. Katika karatasi ile Mungu anatajwa kuwa Mungu wa Ibrahimu, Isaka na Yakobo, tofauti na mungu wa wanafalsafa, na juu yake Pascal aliandika neno Moto. Moto aliouandika haukuwa wa jehanamu. Ulikuwa wa furaha, kama ule wa kijiti ambacho Musa alikiona kikiwaka bila kuteketea.

Basi kijana wa kibanda cha kubeti ajibiweje? Asichekwe wala asitishwe. Ameanza kufikiri, na huo ni mwanzo. Aambiwe kwamba Mungu si mkeka. Ni Baba, na Baba hatafuti mtoto anayebaki nyumbani kwa sababu nje kuna simba. Mwana mpotevu naye alirudi kwa sababu ya njaa (Luka 15:17), na baba hakumuuliza sababu. Alimkimbilia. Lakini kama kesho yake kijana yule angekaa mezani akila huku akiogopa kufukuzwa, furaha ya baba isingekamilika. Shabaha ya Injili ni mtoto aliyeshiba, anayejua kwamba yuko kwao.

Maswali ya Kujadili:

1. Mwanao au mdogo wako akikwambia, “Namwamini Mungu, nisije nikachomwa,” ungemjibu nini bila kumvunja moyo wala kumwacha alipo?

2. Katika misiba ya mahali penu, ni maneno gani husemwa juu ya waliokufa bila kubatizwa? Ni yapi yanayolingana na Mhubiri 9:5, 6, na ni yapi yapasa kuachwa?

3. Je, mahubiri ya hukumu yana nafasi katika mikutano ya injili? Linganisha Yona 3:4–10 na Yona 4:2. Yona alijua nini juu ya Mungu ambacho hakukihubiri?

4. Chunguza maisha yako kwa mfano wa talanta. Ni kitu gani ulichopewa na Mungu ambacho umekizika kwa sababu ya kumwogopa? Utakifukuaje juma hili?

5. Kama ungethibitishiwa leo kwamba hakuna adhabu yoyote mbele, je, Sabato ijayo ungekuja kuabudu? Jibu kwanza moyoni, mbele za Mungu. Anayependa awashirikishe wenzake.